Jicho Lisiloitika

Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha kivivu, manyunyu yasiyotosha kumlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Jua lilichungulia mara moja katikati ya mawingu, likaiona hali ya mtaa, likarudi ndani.

Ilikuwa asubuhi ya kukaa nyumbani, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo la kijana mmoja mrefu, mwembamba, ambaye tangu shule ya msingi watu walimwita Antena. Nyumba hakuwa nayo. Alilala sebuleni kwa dada yake, dobi, baina ya kamba mbili za mashuka ya watu, na jana yake dada huyo alikuwa ameiweka pasi chini, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa na neno zito.

"Mdogo wangu, mwezi huu ukiisha uwe umepata pa kulala. Nimekuombea mpaka magoti yamechoka. Sasa namwomba Mungu anipe nguvu za kufunga mlango."

"Dada, utanifukuza mimi, damu yako?"

"Damu yangu inanitia doa, na kazi yangu ni kuondoa madoa."

"Na nikibadilika?"

"Siku utakayosimama mbele za watu ukasema ukweli mmoja, mmoja tu, ule unaouma kuusema, utaukuta mlango wazi. Lakini usiniletee ukweli wa hapa sebuleni, tuko wawili. Nataka wenye mashahidi."

Antena alilipima shauri hilo huku akinywa chai, akaona kwamba kupata chumba ni kazi nyepesi kuliko kusema ukweli. Akachukua simu zake mbili, moja ya kuongelea na nyingine yenye kioo kilichopasuka, ya kazi, akatoka.

Aliyakimbia manyunyu, akaingia kwa kinyozi, upande wa pili wa barabara, chini ya nyumba ya ghorofa mbili. Kinyozi hakuwa na mteja. Alikuwa amesimama mbele ya runinga yake ya ukutani, rimoti mkononi, amekunja uso kama mtu aliyeshikilia samaki wa jana.

"Antena! Afadhali umekuja. Wewe si ulikuwa unafanya kazi pale kwenye duka la simu?"

"Nilikuwepo pale muda mrefu," Antena akajibu, na hilo halikuwa uongo. Alikuwa akiuza makava ya simu nje, kwenye ngazi. Makava yalikuwa nje, masikio yalikuwa ndani.

"Basi hebu niangalizie. Kila nikitaka kuweka muziki, yananitokea majina ya watu. Tazama: Simu ya Karani. Kompyuta ya Cherehani. Runinga ya Matroni. Sikuwaalika mimi. Wameingiaje kwenye runinga yangu?"

Jibu lilikuwa jepesi. Mwenye nyumba alikuwa amefunga kisanduku kimoja cha intaneti kwa nyumba nzima, na neno la siri alikuwa ameliandika kwa rangi kwenye ukuta wa ngazi, chini kidogo ya amri ya kufuta miguu. Wapangaji wote walikuwa kwenye mtandao mmoja. Na siku hizi vifaa vina swichi ya kushirikisha picha na muziki. Ikiwa imewashwa, kifaa hujitangaza kwa majirani zake wote, mimi hapa, njooni mtazame nilicho nacho. Dawa yake ni kuizima swichi hiyo, kifaa kwa kifaa, na kubadili neno la siri la ukutani. Ni kazi ya kumaliza kabla kinyozi hajamaliza kidevu kimoja.

Antena alilijua jibu hilo. Hata kinywa alikifungua alitoe. Kisha akauona ule uso wa kinyozi, uso uliokuwa tayari kuamini, na akakumbuka kwamba mbuzi wa maziwa hachinjwi. Akashusha pumzi, akaketi taratibu kwenye kiti cha wateja.

"Pole sana, kaka. Umeanza lini?"

"Kufanya nini?"

"Kuonwa."

Kinyozi akaishusha rimoti. "Kuonwa na nani?"

"Hayo majina uliyonitajia ni ya majirani, hayana neno. Nauliza kama umeshamwona yule mwingine." Antena akainuka. "Ngoja kwanza. Choo kiko wapi?"

Chooni, akiwa amesimama kwa adabu zote, aliitoa ile simu ya kazi, akaiunga kwenye mtandao kwa neno la siri alilolisoma ukutani akipita, akaipa jina la JICHO, akaiwashia swichi ya kushirikisha, akairudisha mfukoni. Alipotoka alikuwa amenawa mikono. Tumshukuru Mungu kwa kila kheri ndogo.

"Tafuta tena," akasema.

Kinyozi akatafuta. Chini ya majina ya majirani likajitokeza jina jipya, kwa herufi kubwa. Rimoti ikataka kumponyoka.

"Usiguse!" Antena akaruka. "Ukiligusa linakujua. Sasa hivi linakuona tu, bado halijajua wewe ni nani."

"Kaka, mimi nabadilishia nguo humu!"

"Basi linajua baadhi."

Kinga ilikuwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya biskuti, iliyokunjwa pembe nne na kubandikwa nyuma ya runinga kwa maneno machache yasiyosikika vizuri. Mkono wa kulia ulibandika. Mkono wa kushoto, mfukoni, ulizima. JICHO likatoweka. Kinyozi alimkumbatia, akamwahidi kumnyoa bure mpaka azeeke, na kabla adhuhuri haijafika alikuwa amewapandishia habari hiyo wapangaji wa juu, kwa sababu kinyozi anaweza kufunga duka lakini hawezi kufunga mdomo.

Fundi cherehani, mama mmoja mcheshi wa ghorofa ya kwanza, alikingwa kwa kumshonea Antena koti. Karani, kijana mpole aliyeishi mkabala naye, alitoa mwavuli uliokaribia kuwa mpya. Kila mlango ulipofunguliwa, JICHO lilikuwa limeshafika, na hakuna aliyejiuliza kwa nini lilikuwa likipanda ngazi pamoja na tabibu wake.

Msije mkadhani Antena alikuwa tapeli wa kubahatisha. Kila neno alikuwa amelifanyia mazoezi, hata yale ya kinyozi, aliyoyaandaa muda mrefu akimngojea mteja wa aina yake, mbele ya kioo cha kabati la dada yake, simu ya kazi ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la wanga, ikimrekodi. Baadaye alijitazama na kujisahihisha: hapa umeharakisha, hapa ungetikisa kichwa. Rekodi zile hakuzifuta hata moja, maana alipendeza humo. Alijua pia kwamba swichi aliyoiwasha ilikuwa inaziacha wazi kwa yeyote wa nyumba ile ambaye angeligusa JICHO. Lakini nani angeligusa? Alikwisha weka mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo aliitwa hofu.

Siku ya tatu aliitwa na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyetumia umri wake wa kazi kulea mabweni ya wasichana, na ingawa alistaafu zamani, bweni halikustaafu ndani yake. Wote walimwita Matroni. Alibeba funguo kiunoni kama njuga. Alibisha hodi baada ya kuingia. Wapangaji wake aliwaita watoto wangu, na kodi yao aliipokea kama mtu anayepokea daftari la mtoto mzito.

Alimpokea Antena sebuleni, mbele ya runinga ya ukutani, pana kuliko meza.

"Keti, mwanangu. Nasikia unafukuza macho."

"Kwa uwezo wa Mola, mama. Mimi ni mkono tu."

"Basi mkono huo usiwe na haraka." Matroni akauvuta mlango, akausukuma tena kuhakikisha umefunga. "Kufukuza ni jambo dogo. Mimi ninaona majina yao hapa: Simu ya Karani, Kompyuta ya Cherehani. Nikibonyeza, inaniambia hakuna kitu. Kwa nini hakuna kitu?"

"Kwa sababu hawajakufungulia, mama. Wameruhusu jina lionekane tu."

"Na wakinifungulia?"

"Utaona picha, utaona video." Antena akakohoa kidogo. "Lakini mama, ya nini?"

"Ya malezi!" Matroni akasema, na macho yake yakang'aa kwa mwanga ambao malezi peke yake hayawezi kuuwasha. "Wanafunga milango, wanaongea chini chini. Mzazi asiyejua mwanawe ana nini kwenye sanduku ni mzazi wa aina gani?"

"Hilo jambo zito, mama."

"Zito kwa dhamiri au zito kwa mkono?"

"Dhamiri yangu huwa inasaidiwa na makazi," Antena akasema kwa unyenyekevu.

Matroni akacheka kwa pua, akauchomoa ufunguo mmoja kutoka kiunoni, akaushika juu kati yao. Ulikuwa wa chumba cha juu kabisa, chenye mlango wake na kibaraza cha kutazama barabara. Kilikuwa kitupu tangu mpangaji wa mwisho alipochoka kubishiwa hodi kutoka ndani.

"Utalala humo bure, cheo chako kitakuwa mlinzi wa mtandao. Nitakukabidhi mbele ya wote, kikao cha Jumamosi. Ila kwanza nifungulie watoto wangu."

"Na JICHO, mama, usiliguse. Hilo si la hapa."

"Nimekusikia," akasema Matroni, kwa sauti ya mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuambiwa usiguse na kugusa.

Kesho yake Antena alipita chumba kwa chumba kuhuisha kinga. Nipeni simu, nipeni kompyuta, nizime ile swichi ambayo JICHO linapitia. Wakampa. Naye alipofika kwenye ile swichi ya kushirikisha, aliifungua mpaka mwisho, kila kitu kwa kila mtu, akawarudishia vifaa vyao na kuwaambia walale salama. Wakamshukuru. Fundi cherehani alimfunga kifungo cha koti kwa mkono wake mwenyewe.

Matroni akakaa mbele ya runinga kama mtu aliyealikwa karamuni. Aligundua kwamba karani alikuwa anafuga paka chumbani, kinyume cha amri ya ngazini, na kwamba paka huyo alipigwa picha nyingi kuliko ndugu zake wote. Aligundua kwamba fundi cherehani huyavaa magauni ya wateja na kujipiga picha ndani yake kabla hayajaenda kwa wenyewe. Hakuweza kuvumilia. Alimsimamisha karani kwenye ngazi akasema, "Pua yangu inanusa paka." Alimwambia fundi cherehani, "Ile rangi ya zambarau inakupendeza, mama," na fundi cherehani alipanda mpaka chumbani kwake akiwa haoni ngazi.

"JICHO limeongea," walinong'onezana wapangaji, na wakabandika karatasi nyingine za fedha.

Matroni alikuwa ameshawaona wote. Lilibaki jina moja tu katika orodha yake, la herufi kubwa, ambalo lilikuja na kuondoka, na ambalo ameambiwa asiliguse. Vidole vilimwasha. Akili yake ya bweni ilimwambia kwamba kitu kisichotaka kuguswa ni cha mtoto mmoja wa hapahapa, na dawa ya mtoto wa namna hiyo anaijua.

Jumamosi alasiri walikusanyika sebuleni kwake, kuizunguka meza kubwa. Antena aliketi karibu na mwenyeji, ndani ya koti jipya, kichwa kimenyolewa vizuri. Simu ya kazi ilikuwa mfukoni, imewashwa kwa makusudi. Alikuwa amejiandalia muujiza wa mwisho: wakati wa kupokea ufunguo, angenyoosha mkono mmoja kuelekea runinga, mkono mwingine ungezima, na JICHO lingekufa mbele ya macho ya watu wote. Hotuba yake alikuwa ameifanyia mazoezi asubuhi hiyohiyo, dada yake akiwa amekwenda kuchota maji.

Matroni alifunga mlango kwa ufunguo, akautumbukiza ufunguo kifuani.

"Mikono mezani," akasema.

Wakacheka.

"Nimesema mikono mezani. Yote. Niione."

Kicheko kilikatika chenyewe. Ni jambo la ajabu, watu wazima wenye kodi zao, lakini sauti ya matroni haiulizi umri. Mikono ikapanda mezani, jozi kwa jozi. Wa Antena ukasita mfukoni.

"Wewe kijana, una upele?"

"Hapana, mama."

"Basi mezani."

Akauweka mezani. Jasho la kwanza likamtoka nyuma ya sikio.

Matroni akawasha runinga. Orodha ya vifaa ikajaa ukutani. "Kabla ya yote, tutaita mahudhurio. Kila kifaa nitakachokitaja, mwenyewe asimame aseme kipo. Simu ya Karani!"

"Ipo," karani akasimama, akiukagua mwili wake kwa macho, asije akawa na manyoya ya paka.

"Kompyuta ya Cherehani!"

"Ipo, Matroni. Nisimame mimi au isimame yenyewe?"

"Simama kwa niaba yake. Runinga ya Kinyozi!"

"Ipo chini, Matroni, imelala."

"Nani kairuhusu kulala saa hizi? Kaa. Runinga ya Matroni ipo, tunaiona." Akavuta pumzi, akasoma la mwisho. "JICHO!"

Hakuna aliyesimama.

"JICHO! Nani anaitika?"

Karani alimtazama fundi cherehani, fundi cherehani alimtazama kinyozi, na Antena alikitazama kidole chake cha shahada, ambacho kilikuwa umbali wa shubiri tatu kutoka mfukoni na hakikuwa na ruhusa ya kusafiri.

"Mama," akaanza, kwa ile sauti ya tabibu, "hilo, kama nilivyosema, si la hapa. Kuliita kwa jina peke yake ni hatari. Ifunike runinga kwa kitambaa, halafu uniruhusu mkono mmoja..."

"Mkono ubaki. Katika bweni langu, mwanangu, asiyeitika ndiye mwenye kosa, na begi lisilo na mwenyewe hufunguliwa."

"Usiguse, mama! Ukiligusa linakujua!"

"Na mimi nataka kulijua," akasema Matroni, akabonyeza.

Hakuna moto uliotoka. Kilichotoka ni picha ndogondogo, zimepangwa safu, na katika kila moja kulikuwa na sura ileile, ndefu, nyembamba. Chini yake kila moja ilikuwa na jina. Mazoezi ya Kinyozi. Mazoezi ya Cherehani. Mazoezi ya Karani, jaribio la pili.

Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe nimeishona mimi!"

Matroni akabonyeza ya kwanza. Antena akatokea ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa mezani, amejifunga taulo, anazungumza na kioo. "Hapa nashusha pumzi," alisema yule wa ukutani. "Halafu nasema: pole sana, kaka, umeanza lini? Aseme, kufanya nini? Hapo naacha kidogo, nasema: kuonwa." Akarudia kushusha pumzi mara mbili, ya pili ikawa bora. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka nje ya picha: "We, unaongea na kabati langu?" Na yule wa ukutani akaruka mpaka taulo likataka kumwacha.

Kinyozi alicheka mpaka akakumbuka kwamba anachekwa yeye. "Uliniambia mimi hivyohivyo! Neno kwa neno! Hata hiyo pumzi!"

"Mimi aliniambia, mama, usilie," akasema fundi cherehani. "Nami nilikuwa sijalia. Nikalia kwa kumwonea huruma!"

Matroni, aliyenogewa, akashuka kwenye safu, akabonyeza iliyoandikwa jina lake. Antena wa ukutani akaja tena, safari hii na shati. "Matroni ni mteja wa peke yake," akamweleza kioo. "Wengine wote wanataka JICHO liondoke. Huyu hataki liondoke. Huyu anataka..."

Runinga ikazimika. Rimoti ilikuwa mkononi mwa Matroni.

"Yanatosha," akasema. "Yaliyobaki ni matusi."

"Tusikie matusi, Matroni," kinyozi akaomba.

"Hakuna matusi yatakayosikika chini ya paa langu! Kijana huyu nimekuwa nikimtega tangu siku ya kwanza. Toa hiyo simu. Iweke hapa. Vitu vilivyonyang'anywa hurudishwa mwisho wa muhula, na muhula nitautangaza mimi." Simu ya kazi ikaingia kifuani, kule kule ulikokuwa ufunguo wa mlango. "Sasa, mkosaji haondoki bwenini bila mlezi wake. Mlezi wako nani?"

Antena hakutaka kujibu, lakini kinyozi alimjibia, maana alimfahamu dobi wa ng'ambo ya barabara. Matroni akamfungulia mlango, naye akatoka mbio, akifurahi kama mtu anayekwenda kuita wageni wa harusi.

"Nami kwa sasa nitamhoji faragha," akatangaza Matroni, akamsukuma Antena jikoni, akarudisha mlango.

Jikoni sauti yake ilishuka. "Sikiliza. Wanadhani ulitaka kuwala wao tu. Wabaki na fikira hiyo. Utaahidi mbele yao, nitakupa maneno, utarudia nyuma yangu. Sema ulinidanganya na mimi pia. Nitalia kidogo. Yakipoa, wiki mbili hivi, utakuja kulala juu." Akauchomoa ule ufunguo wa chumba cha kibaraza, akamfumbatisha kiganjani. "Usiusahau wema huu."

Antena aliufunga mkono. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimtazama binadamu mwenzake kwa heshima ya kweli. Alijiona mwanafunzi. Yeye alihitaji kioo, kopo la wanga na majaribio mawili. Huyu mama hakuhitaji hata kujitazama. Na ufunguo ulikuwa mzito, wa chuma kizuri. Kibaraza alikuwa ameshakiona akilini: kiti, chai, barabara inapita chini.

Dobi akaingia na sabuni mikononi, nusu imekauka. Hakupiga kelele. Alimtazama mdogo wake, akalitazama koti, kichwa kilichonyolewa, nyuso zilizoizunguka meza. Kinyozi alikuwa amemsimulia yote njiani, na ile sauti iliyouliza habari za kabati aliitambua kuwa yake.

"Mlezi," akaanza Matroni kwa huzuni kuu, "tumepatwa. Mimi mwenyewe, mjane, nimepatwa pamoja na watoto wangu. Lakini sisi si watu wa kupelekana mbali. Ataahidi mbele ya mashahidi, tutasamehe. Kijana, mikono mezani. Sema nyuma yangu."

Antena akaweka mikono mezani. Mmoja ulikuwa umefumba ngumi.

"Mimi naahidi," akasema Matroni.

"Mimi naahidi."

"Kwamba sitawadanganya tena watu hawa, wala mama huyu mjane asiyejua lolote."

Antena aliinua kichwa. Alimtazama dada yake. Dada yake hakutikisa kichwa, hakukonyeza, hakusaidia kwa lolote. Midomo yake tu ndiyo iliyokuwa inacheza, bila sauti, na Antena, aliyelala sebuleni kwake siku nyingi, aliyajua maneno yanayosemwa na midomo ile, na nani anayeambiwa.

"Nasikiliza," akasema dobi.

"Asiyejua lolote," Matroni akamkumbusha, akigonga meza.

"Mama, hapo nilikosea katika mazoezi," akasema Antena. "Nianze upya."

Akalegeza ngumi. Ufunguo wa chumba cha juu ukalala mezani, katikati ya mikono yake miwili, na wapangaji wote waliujua, maana kila mmoja wao aliwahi kuuomba akanyimwa.

"Mimi naahidi mbele yenu nyote, na mbele ya dada yangu, na Mungu akiwa shahidi, kwamba leo hii, kabla sijatoka katika nyumba hii, nitapita chumba kwa chumba, ninyi mkinitazama vidole, niizime ile swichi niliyowaambia nimeizima. Sikuizima. Niliiwasha mimi, si JICHO."

"Mkosaji amechanganyikiwa!" Matroni akasema kwa sauti.

"Endelea," akasema dobi.

"Na neno la siri tutalifuta ukutani, mtachagua jipya, nami msiniambie. Na naahidi kwamba sitaiwasha tena swichi ya mtu yeyote, hata mwenye nyumba akitaka kutazama picha zenu kwenye runinga hii kama alivyozitazama tangu nilipomfungulia, na hata akinipa ufunguo wa chumba cha juu, kama huu alionipa jikoni sasa hivi."

"Paka wangu!" akapiga kelele karani.

"Zambarau!" akasema fundi cherehani, akainuka taratibu, na alipomgeukia Matroni hakuwa na ucheshi wowote usoni. "Mikono mezani, mama. Niione."

Matroni akaitazama mikono yake kama vitu vya mtu mwingine. Kisha, kwa kuwa hata yeye alikuwa amelelewa bwenini, akaiweka mezani.

Dobi akafuta sabuni kwenye kanga yake. "Mlango wa nyumbani nimeuacha wazi. Umemaliza?"

"Bado moja, dada," akasema Antena, akasimama wima kama mtoto anayeitikia jina lake. "Naahidi kwamba nikikutwa tena na simu ya mtu mkononi, hakuna haja ya kuita mahudhurio. Mwiteni dobi."